Dai la shinikizo la damu lililokataliwa lifunguliwe upya

Ndugu muulizaji, pole kwa kumuuguza mzee. Umeeleza kuwa baba yako alipigana Vietnam mwaka 1969, kwamba dai lake la ulemavu kwa shinikizo la damu lilikataliwa mwaka 2015, na unauliza kama inafaa kujaribu tena. Inafaa sana, kwa sababu sheria ya PACT, iliyotiwa saini Marekani tarehe 10 Agosti 2022, iliingiza shinikizo la damu katika orodha ya maradhi yanayochukuliwa kuwa yametokana na sumu ya Agent Orange, dawa ya kuua mimea iliyonyunyizwa na jeshi la Marekani huko Vietnam, hivyo baba yako halazimiki tena kuthibitisha uhusiano huo. Jazeni fomu 20-0995 ya dai la nyongeza, ya Idara ya Maveterani ya Marekani (VA).

Tafuteni hasa kadi za kliniki za zamani, hata zilizochakaa, zenye vipimo vya kabla hajaanza dawa. Ikiwa namba ya chini ya shinikizo mara nyingi ilikuwa ikifika 100 au zaidi, naye anahitaji dawa daima, anastahili kiwango cha ulemavu cha asilimia 10 hata kama vidonge vimeishusha leo. Nakusihi usiziache kadi hizo kabatini. Mashirika ya maveterani yana wawakilishi walioidhinishwa wanaosaidia kuwasilisha dai bila malipo.