Kutoka nyumbani, kwenda wapi?

SWALI: Kazini kwetu umetolewa waraka unaosema: "Kuanzia mwezi ujao wafanyakazi wataruhusiwa kufanya kazi kutoka nyumbani siku mbili kwa wiki, kwa kufuata saa nyumbufu watakazopangiwa." Sentensi hii inanikera, ila sijui inaniuma wapi. Mwenzangu mmoja anasema ingekuwa "kufanyia kazi nyumbani". Mwingine anadai huko ni kukarabati nyumba. Na hilo "nyumbufu" ni Kiswahili kweli, au limetungwa kwa kuwa kazi yenyewe ni ya nyumbani?

JIBU: Nianze na la mwisho, maana ni jepesi. Nyumbufu halina undugu na nyumba. Limetokana na kitenzi nyumbua, yaani kukipinda au kukivuta kitu bila kukivunja. Halina undugu na nyumbu pia, ingawa wako waajiri wanaolielewa hivyo. Wala usilichanganye na nyambua, ambalo ni kuchana nyama vipande vipande. Saa nyumbufu, basi, ni saa zinazopindika zisikatike. Sina ugomvi nazo. Kiwanda kimoja cha ndege huko Ottobrunn, karibu na Munich, kilianza utaratibu huo mwaka 1967 baada ya kuchoshwa na msongamano wa wafanyakazi wote kufika kwa wakati mmoja, na Wajerumani wakauita "muda unaoteleza". Wao wateleze, sisi tupinde.

Sasa tuje kwenye kidonda. Kutoka.

Kutoka ni kitenzi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Ni kuacha mahali. Hata lilipopewa kazi ya kihusishi halikuvua viatu, bado linatembea. Barua kutoka kwa mama imesafiri. Kutoka asubuhi hadi jioni, muda umesafiri. Palipo na kutoka, msikilizaji hutega sikio asikie safari itaishia wapi. Ukiniambia unafanya kazi kutoka nyumbani, mimi nakungoja ufike.

Jaribu mchezo huo kwa vitenzi vingine uone. Analala kutoka kitandani: huyo ameanguka. Anaoga kutoka bafuni: fungeni madirisha, kuna watoto. Anapika kutoka jikoni: chungu kiko uani?

Lakini mfano wangu, ambao wanaonifahamu wameshauchoka, ni huu: "Alikulia kwa bibi yake." Utazame vizuri. Kitenzi ni kua. Kikaongezewa kidogo tu, kikawa kulia (si kwa machozi, japo kwa bibi wengine na machozi yapo), na nyongeza hiyo ndogo ikabeba mahali, malezi na nusu ya tabia ya mtu. Ukisikia kwamba fulani alikulia kwa bibi yake umeshajua alilala saa ngapi na aliamkia watu namna gani. Hakuna aliyewahi kusema "alikua kutoka kwa bibi yake". Akisema hivyo tutadhani bibi ni kisiki na mtoto amechipukia ubavuni mwake. Mfano huu nimeutoa darasani, nimeutoa msibani, na nitautoa tena.

Hiyo ndiyo kauli ya kutendea. Shuleni hufundishwa kana kwamba kazi yake ni kumfanyia mtu hisani: mpikie mgeni, mchotee bibi maji. Huo ni upande mmoja tu. Kauli hiyohiyo hubeba chombo, ndipo tukapata kisu cha kukatia. Hubeba sababu: hicho ndicho wanachogombania. Tena hubeba mahali: chumba cha kulia, uwanja wa kuchezea, vita alikofia. Kufanyia kazi nyumbani ni mtoto wa ukoo huu, ana haki zote za urithi. Ninajua utanirushia "chumba cha kulala", kwamba mbona si cha kulalia. Kweli. Kila ukoo una mtundu wake.

Watetezi wa kutoka huniletea mtangazaji wa mpira: mbona yeye anatangaza kutoka uwanjani? Anatangaza, na ni sawa kabisa, kwa sababu sauti yake inaondoka uwanjani ikanifikia nilipo. Hata wewe ukisema "nimetuma ripoti kutoka nyumbani" sikugusi. Ripoti imeondoka, wewe umebaki. Lakini kazi yenyewe, kule kukuna kichwa na kuhesabu tarakimu, haijakwenda popote. Iko mezani, pamoja na wewe na kikombe chako.

Basi kutoka hili limeingia vipi? Limekuja limevaa suti ya Kiingereza. Waingereza wana kihusishi chao, na wakikitumia hivyo hawakosei. Ni sisi tuliokifasiri kwa kamusi badala ya kukifasiri kwa sikio. Mwaka 2020 korona ilipozifunga ofisi, kila mwajiri aliandika waraka wake usiku mmoja, na nyaraka za usiku mmoja ndizo zinazodumu.

Ungeweza pia kusema "nafanya kazi nyumbani", bila madoido, na ni sahihi. Tatizo lake ni kwamba jirani anaweza kuelewa kuwa unadeki. Shirika la Kazi Duniani lina mikataba miwili kuhusu watu hawa: Namba 177 wa mwaka 1996, unaowahusu wanaofanya kazi ya ujira wakiwa majumbani mwao, na Namba 189 wa mwaka 2011, unaowahusu wafanyakazi wa nyumbani, wale wanaotunza nyumba za watu. Ni makundi mawili yenye shida tofauti na haki tofauti. Kiswahili kinayatenganisha bila kutoka jasho: huyu anafanya kazi za nyumbani, yule anafanyia kazi nyumbani. Hebu mwambie kutoka akutenganishie.

Kwa huyo mwenzako wa ukarabati: amesikia kitu, ila amekosa -ni. Mwenye kukarabati anaifanyia kazi nyumba. Kuna -i- ndani ya kitenzi, na nyumba iko uchi, haina -ni. Ukishasema nyumbani umeshasema ni mahali, rangi na saruji hazina nafasi. Ila simlaumu sana kwa kushuku, maana hilo neno fanyia kazi limeharibiwa sifa na maofisi yenyewe. "Suala lenu tunalifanyia kazi." Kuna ofisi niliwahi kuajiriwa, nikaomba kiti kisichoyumba. Ombi langu lilifanyiwa kazi miaka miwili, hadi nikaaga nikiwa juu ya kiti kilekile.

Na kwa kuwa waraka umeandikwa na msimamizi, nimkumbushe kwamba hata cheo chake ni kauli ya kutendea. Simama, simamia. Msimamizi wa zamani alisimama kweli, hatua mbili nyuma ya mgongo wa mtu. Watu wakihamia majumbani anakosa pa kusimama, na hapo ndipo wasimamizi hugawanyika. Wengine hujifunza kuisimamia kazi: imekwisha au haijaisha, ni nzuri au ni mbovu. Wengine hununua programu ya kuhesabu mara ngapi mtu amegusa kibodi. Hawa wa pili tusiwatafutie istilahi mpya. Jina lao lipo tangu enzi za misafara ya wapagazi: mnyapara.

Nadhani ninajua mwandishi wa waraka wenu ni yupi kati ya hao wawili, kwa sababu ya neno ambalo wewe hukuliuliza: watakazopangiwa. Saa nyumbufu za kupangiwa! Saa ukishapangiwa, hiyo ni zamu, na zamu ni neno zuri, la heshima, halihitaji kuvishwa kilemba cha nyumbufu. Kama kweli mnaachiwa uhuru, basi ni saa za kujipangia. Kati ya kujipangia na kupangiwa pana silabi chache tu, lakini mkubwa wa ofisi anakaa humo.

Waraka ungesomeka hivi: "Wafanyakazi wataruhusiwa kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki, kwa saa watakazojipangia." Kama sehemu ya mwisho si kweli, ifutwe.

Je, kutoka litashindwa? Silioni likishindwa. Nimelisikia kwa watu wenye shahada za Kiswahili, na nikilisikia kikaoni siku hizi ninakunywa maji tu. Wewe bado una hasira, mpelekee mkuu wako marekebisho. Jibu lake ninalijua: "Tutalifanyia kazi." Muulize watalifanyia wapi.