Maswali ya bustani: nyasi zinaungua na maji yapo

Nyasi za mbele ya nyumba, karibu robo eka, zinamwagiliwa maji ya kisima kila jioni, lakini ncha zinakauka kama zimebabuliwa na moto. Nitie mbolea gani? (Mbezi Beach, Dar es Salaam)

Mbolea weka kando, kwanza onja maji. Visima vingi vya pwani vina chumvi, nawe unayamwaga kidogo kidogo kila siku: maji yanakauka na jua, chumvi inabaki juu. Ukiona unga mweupe kwenye udongo mkavu, mchawi umempata. Mwagilia mara 2 kwa wiki, alfajiri, maji yashuke hadi chini ya mizizi.

Sasa piga hesabu. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kiangazi nyasi hutaka kama milimita 25 kwa wiki, na robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Hizo ni lita 25,000, yaani matanki 5 ya lita 5,000, kila wiki! Watu huuliza bei ya nyasi, bei ya maji hawaulizi. Ningekuwa mimi, ningebakiza nyasi pale watoto wanapocheza tu, tena paspalamu, inayovumilia chumvi. Penye jua kali ningepanda bogenvilia. Karibu na baraza, kivulini, mkilua na asumini, na hizo ningezinywesha maji ya mvua. Kwa hiyo funga mifereji ya paa na uielekeze kwenye tanki kabla masika hayajaingia.

Nimependa zile nyasi za kikuyu nilizoziona Arusha. Nizilete Tanga? (Tanga)

Ziache hukohuko. Zimezoea baridi ya nyanda za juu. Kwa joto la Tanga panda ukoka au nyasi za Pemba.

Shikamoo. Kijana wetu wa bustani anakata nyasi mpaka udongo unaonekana. Nikisema, ananiambia ndivyo zinavyopendeza. Nimwachishe kazi? (Oysterbay, Dar es Salaam)

Marahaba. Kabla hujamwachisha, nikuulize: siku hiyohiyo anaosha magari mangapi, na anafungua geti mara ngapi? Mtu anayetumwa kila saa hukata chini kabisa ili asirudie upesi. Mpe siku 2 za kazi ya bustani tu, asiitwe. Kisha simama naye mkipandishe kisu cha mashine pamoja. Kanuni ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya jani: zikifika sentimita 9, ziachwe 6. Kisu kinolewe pia, maana kikiwa butu kinachana jani badala ya kulikata, na ncha zinakuwa kahawia. Buti na miwani ya kazi ni juu yako, usimkate kwenye mshahara.

Ua wetu wa mnyaa umepita kimo cha ukuta. Tuufyeke wenyewe? (Bagamoyo)

Mnaweza, lakini yale maziwa yake si ya mchezo. Yakiingia jichoni yanaweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa au zaidi. Vaeni miwani iliyoziba pembeni, glavu na mikono mirefu, na ndoo ya maji safi iwe jirani. Tone likiingia, osheni jicho kwa maji mengi, kisha nendeni hospitali bila kungoja kesho. Mkataji asikate tawi lililo juu ya kichwa chake, na upepo umpige mgongoni. Matawi yaliyokatwa msiyatupe njiani wanapopita watoto, kwani yanaendelea kutoa maziwa.