Chumba cha moyo kimetanuka: je, mapigo yatavurugika?

Safari hii barua nyingi zimehusu eko, yaani ultrasaundi ya moyo, na kama kweli inaweza kumtabiria mtu mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, ule ambao kwenye karatasi za hospitali huandikwa AF. Tumechagua tano.

Shikamooni madaktari. Nina miaka 63 na presha ya zaidi ya miaka kumi. Eko yangu imeandikwa LAVI 46, EF 60. Nimeambiwa chumba cha moyo kimetanuka na mapigo "yanaweza kuvurugika baadaye". ECG ilikuwa safi. Sasa mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?
*Mama wa Ihumwa*

Marahaba, mama. AF huna, kwa kadiri ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ilivyoonyesha siku hiyo. Ulichonacho ni moyo ulioandaliwa kuipata.

LAVI ni ujazo wa chumba cha juu cha kushoto ukigawanywa kwa eneo la mwili wako. Mwisho wa kawaida ni mililita 34 kwa kila mita ya mraba. Kuanzia 35 hadi 41 ni kutanuka kidogo, 42 hadi 48 ni kwa wastani, na zaidi ya 48 ni kutanuka sana. Wewe uko daraja la kati.

Presha ikikaa juu miaka mingi, kuta za ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini, hunenepa na kukakamaa. Chumba cha juu hulazimika kumimina damu mahali pasipotaka kupokea, kwa hiyo hutanuka, na polepole nyama yake huingiwa na makovu. Umeme wa moyo ukifika penye kovu huchelewa, hupinda, hurudi ulikotoka, na mpapatiko huanzia hapo. Katika utafiti wa Framingham, Marekani, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kuwa kila milimita 5 zinazoongezeka kwenye kipenyo cha chumba hicho zilipandisha uwezekano wa AF kwa takriban asilimia 39.

EF 60 ni nzuri, lakini isikutulize kupita kiasi: inapima nguvu ya pampu ya chini tu. Angalia mistari mingine ya karatasi hiyo. Unene wa ukuta wa ventrikali kwa mwanamke usizidi sentimita 0.9, kwa mwanamume 1.0. E/e', namba inayokadiria presha ndani ya moyo, ikizidi 14, presha hiyo iko juu. Mashine mpya hupima pia unyumbufu wa chumba cha juu. Kwa watu wenye afya wastani ni karibu asilimia 39, na mara nyingi huanza kushuka kabla chumba hakijaonekana kikubwa. Ndiyo maana LAVI ya kawaida kwa mgonjwa wa presha haimalizi mjadala.

Hata hivyo, wingu la Novemba hapa Dodoma si mvua. AF huthibitishwa na ECG tu, iwe kamili au kipande kisichopungua sekunde 30. Ukihisi moyo kwenda mbio au kuruka, omba Holta, kile kimashine kinachovaliwa saa 24 au zaidi. Na usikubali kuanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda kwa sababu ya LAVI peke yake. Dawa hizo zina hatari ya kutokwa damu, na huanzwa baada ya mpapatiko kuonekana au kwa sababu nyingine iliyo wazi. Kazi yako ya sasa ni presha: ishuke chini ya 130/80 kama mwili unavumilia, na isikose kuwa chini ya 140/90. Kama unakunywa, punguza, ikiwemo mvinyo wetu wa zabibu. Kama unakoroma mpaka pumzi inakatika usingizini, mwambie daktari. Pima homoni ya tezi ya shingo angalau mara moja. ECG irudiwe kila mwaka, au mapema zaidi ukiona mabadiliko.

Nilipima eko hospitali mbili ndani ya wiki tatu. Moja imeandika chumba cha kushoto sentimita 3.9, nyingine 4.5. Nani kadanganya?
*Msomaji, Nkuhungu*

Pengine hakuna aliyedanganya. Kipenyo kimoja ni kipimo dhaifu, kwa sababu chumba hiki hakitanuki sawasawa pande zote, na mkato ukipita mshazari namba hubadilika. Ndiyo maana siku hizi tunataka ujazo, unaochorwa kwenye picha mbili kutoka nchani mwa moyo: ya vyumba vinne na ya vyumba viwili.

Mpimaji anatakiwa kusimamisha picha pale chumba kilipojaa kabisa, kabla tu valvu ya maitro, mlango wa kati ya chumba hicho na cha chini yake, haijafunguka. Akichelewa kidogo, damu imeshaanza kushuka na namba inapungua. Akikosa ncha halisi ya moyo, chumba huonekana kifupi. Akizungusha mstari mpaka kwenye mishipa ya mapafu, ujazo unapanda bila sababu. Mgonjwa mwenye mwili mkubwa, au mapafu yaliyojaa hewa, hutoa picha hafifu, na hapo kila mstari ni wa kukisia.

Kosa tunalolikuta zaidi halihusu mashine kabisa: ni mizani. Mtu wa kilo 66 na sentimita 158 ana eneo la mwili la mita za mraba 1.70. Ujazo wa mililita 78 unampa LAVI 46. Mwandikie kilo 86 kwa bahati mbaya, au kwa sababu hakupimwa bali aliulizwa tu, na LAVI inashuka hadi 40. Daraja limebadilika, moyo ni uleule. Simama kwenye mizani siku ya kipimo, na hakikisha presha yako ya siku hiyo imeandikwa pia. Kipimo cha marudio kifanyike mahali palepale ikiwezekana, na usiende na karatasi tu. Omba na picha.

Nina miaka 27. Nilipata homa ya rumatiki utotoni na valvu ya maitro imebana. Nimeambiwa siku AF ikija nitaanza warfarini, si zile dawa mpya. Kwa nini?
*Dada wa Mpwapwa*

Valvu hiyo kwa kawaida ina upana wa sentimita za mraba 4 hadi 6. Ikifika 1.5 au chini ya hapo imebana vikali. Chumba kilicho nyuma yake hutanuka mno, damu hutuama, na kiharusi huwa karibu. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulilinganisha dawa za kuzuia damu kuganda za kundi la warfarini na rivaroksabani, mojawapo ya zile mpya, kwa wagonjwa wa moyo wa rumatiki wenye AF, na kundi la warfarini lilifanya vizuri zaidi, hata kwenye vifo. INR, kipimo cha damu kinachoonyesha warfarini inavyofanya kazi, hulengwa kati ya 2 na 3.

Hapa kwetu kuna jambo la mboga. Masika mtu hula mlenda mbichi na majani mengine kila siku, kiangazi anarudi kwenye makavu kidogo. Vitamini K inapanda na kushuka, INR nayo inayumba. Usiache mboga. Kula kiasi kinachokaribiana mwaka mzima, na misimu inapobadilika pima INR mara nyingi zaidi. Diklofenaki za dukani, zile za maumivu, usizimeze juu ya warfarini. Endelea na sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kama ulivyopangiwa. Na ukitaka kubeba mimba, mwone daktari kabla: warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12.

Huku Manyoni vijijini eko haipo karibu. Baba ana miaka 70 na presha. Tuanzie wapi?
*Kijana wa Manyoni*

Anzia kwenye kiganja. Apumzike dakika tano, weka vidole vitatu (si gumba) chini ya kidole gumba chake, hesabu dakika nzima. Pigo moja linaloruka ni la kawaida kwa wengi. Mapigo yasiyo na mpangilio wowote, leo na kesho tena, yanataka ECG haraka. ECG itangulie eko, maana ndiyo inayobadilisha matibabu. Rufaa ya eko ifuate, Dodoma au Singida, popote nafasi itakapopatikana mapema. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakipotea ghafla, msisubiri kipimo chochote; mpelekeni hospitali muda huohuo.

Eko inahitaji kufunga kula?
*Msomaji, Kongwa*

Ile ya kifuani, hapana. Kula, meza dawa zako za presha kama kawaida, vaa nguo ya vipande viwili na uje na khanga. Utalala ubavu wa kushoto dakika 30 hadi 45. Inayohitaji kufunga, saa 6 bila chakula, ni ile ya kumeza mpira kupitia kooni.