Msalaba wa tanzanaiti kwa binti wa kipaimara

Dada, umeuliza kama msalaba wa tanzanaiti utamfaa binti yako anayepokea kipaimara, avae kila siku hadi shuleni. Kwa kuvaliwa Jumapili na sikukuu, nunua bila wasiwasi. Kwa kila siku, mimi ningesita. Kito hiki cha Mirerani, Tanzania, kinapendeza kweli, ila ni laini: kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs (1 laini kabisa, 10 gumu kabisa) kiko kati ya 6 na 7, wakati yakuti iko 9. Vumbi la kawaida lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7, kwa hiyo kitachunika taratibu. Tena kikigongwa vibaya hupasuka.

Ukiamua hicho hicho, angalia zaidi kilivyoshikwa kuliko rangi. Vile vikucha vidogo vinavyoshika kito hunasa sweta na nywele, vikilegea kito kimeondoka. Mwambie sonara akizungushie ukingo wa fedha au dhahabu pande zote, na kiwe kimoja tu katikati ya msalaba. Misalaba iliyojaa vito hadi kwenye ncha hupoteza kimoja kimoja (na sijui kwa nini watu huona ndiyo ya heshima zaidi!).

Msalaba ukiwa wa fedha, uwe na muhuri wa 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha halisi. Ukiwa wa dhahabu, 375 au 750. Mkufu usiwe mwembamba kama uzi. Kusafisha, maji ya uvuguvugu na sabuni laini yanatosha. Asikitumbukize kwenye mashine ya kusafishia vito kwa mtetemo. Na omba risiti iliyoandika kama kito ni cha asili au cha kutengenezwa.