Usiifute Python tena, mkuu: pip na faili lako havitumii Python moja

Mkuu, umesema umeandika pip install requests (pip ni programu ya kusakinisha maktaba za Python, na requests ni mojawapo ya maktaba hizo), ukaambiwa imefanikiwa, lakini ukiendesha faili inakuja ModuleNotFoundError: No module named 'requests'. Na umeshaifuta Python na kuiweka upya mara tatu. Nakuomba usiifute ya nne. Mimi nilimaliza bando la wiki nzima kwa kupakua upya vitu ambavyo tayari nilikuwa navyo.

Kwangu shida ilikuwa Python mbili ndani ya laptop moja: 3.8 ya zamani na 3.11 niliyoiongeza baadaye. Pip ilikuwa inapeleka maktaba kwenye 3.8, huku VS Code, programu ninayoandikia msimbo, ikiendesha faili kwa 3.11. Kila Python ina folda yake ya site-packages, zinamokaa maktaba zake, haichungulii ya jirani. Kwa dalili ulizoeleza, naamini yako ni hiyohiyo.

Thibitisha kwanza. Mistari hii iwe juu kabisa, kabla ya import requests, maana programu ikishakwama hapo haitachapisha kitu:

import sys
print(sys.executable)

Kisha kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) andika pip --version. Jibu lake linataja folda ilipo pip na, mwishoni, toleo la Python inayohudumiwa. Linganisha na njia iliyochapishwa na faili, yaani mahali ilipo Python inayoliendesha. Zikipishana, mchawi umemwona.

Sasa acha kuita pip peke yake. Ndani ya folda ya mradi andika amri hii, inayoutengenezea mradi mazingira yake ya Python kwenye folda ya .venv:

python -m venv .venv

Iamshe kwa .venv\Scripts\activate (hiyo ni ya Windows; Linux ni source .venv/bin/activate), halafu:

python -m pip install requests

Hapo Python inayosakinisha inajulikana. Kwenye VS Code bonyeza Ctrl+Shift+P, tafuta Python: Select Interpreter, chagua iliyo ndani ya .venv. Hatua hii ndiyo niliyoiruka mimi, ikanigharimu siku mbili.

PowerShell (terminali ya Windows) ikikataa kuamsha kwa madai kwamba skripti zimezuiwa, andika Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned, ujaribu tena. Na hakikisha faili lako hujaliita requests.py, kwani Python italiingiza hilo badala ya maktaba yenyewe, na kosa litakalotokea litakupeleka kusiko.

Ikigoma bado, bandika hapa majibu yote mawili, la sys.executable na la pip --version, bila kuyafupisha. Nitayapitia jioni nikitoka kazini.