Fildi wiki nane Dar, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita: nifanyeje?

SWALI

Shikamoo mama. Nipo mwaka wa pili, nasomea uhasibu chuo kimoja hapa Tabora. Nimepata nafasi ya fildi kwenye ofisi iliyopo Posta, Dar es Salaam, wiki nane kuanzia mwishoni mwa Julai. Dalali niliyempata mtandaoni ananiambia kuna chumba masta Sinza, 180,000 kwa mwezi, ila mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, na yeye dalali achukue kodi ya mwezi mmoja. Anasema nitume 50,000 ya kushikia chumba maana wateja ni wengi. Ninachotegemea ni hela ya fildi ya Bodi ya Mikopo, 10,000 kwa siku kwa siku 56. Hapa Isevya nimepanga chumba, kodi nimeshalipa hadi Desemba. Kuna binamu yake mama yupo Mbagala, lakini wamejaa. Je, kuna namna ya kupanga miezi miwili tu kihalali? Na hiyo 50,000 niitume?

Mwanafunzi, Isevya, Tabora

JIBU

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kupata nafasi, maana wenzako wengi bado wanazunguka na barua mkononi.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo fani yako. Miezi sita kwa 180,000 ni 1,080,000. Weka ya dalali, inafika 1,260,000. Wewe unategemea 560,000. Na hicho chumba cha Sinza utakikuta kitupu: hakuna kitanda, hakuna godoro, hakuna feni, hata ndoo ya kuogea hakuna. Kwa hiyo hata mwenye nyumba angekulegezea akakubali miezi miwili, ungebeba mzigo wa kununua vitu ambavyo mwishoni mwa Septemba ungevigawa bure au kuviuza kwa bei ya kutupa.

Kihalali inawezekana kabisa. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inatambua upangaji wa muda mfupi, yaani mwaka mmoja au pungufu, na inaruhusu hata upangaji huo ufanyike kwa mdomo. Hakuna kifungu kinachosema lazima ulipe miezi sita. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilishafutwa mwaka 2005, hivyo kiasi cha kodi na malipo ya mbele ni makubaliano yenu wawili tu. Mazoea ndiyo yanayokubana.

Na mazoea hayo yana sababu. Kazi yangu ni kusimamia nyumba za watu, nyingine hapa Tabora na nyingine huko huko Dar. Mwenye nyumba haogopi mpangaji wa miezi miwili. Anachoogopa ni mwezi wa tatu, chumba kikiwa kitupu na yeye anaanza upya kutafuta mtu. Tena hela ya mkupuo huwa ameshaipangia kazi: ada ya watoto, au tofali za nyumba nyingine Chanika. Ukienda kumlilia umwambie wewe ni mwanafunzi, atakuhurumia, kisha atampa chumba mwenye miezi sita. Kwa hiyo acha kutafuta chumba. Tafuta mtu ambaye chumba ameshakilipia.

Watu hao wapo wengi, na Julai hadi Septemba ndio msimu wao. Kuna wanafunzi wa vyuo vya Dar waliopanga mtaani kwa mwaka mzima, wakati wa likizo wanarudi kwao au wanapelekwa fildi mikoani, na chumba kinabaki kimefungwa na godoro ndani. Kuna dada aliyemaliza chuo chenu mwaka juzi, ana kazi Kariakoo, kodi inamkaba, angefurahi kupata mtu wa kuchangia naye wiki nane. Hawa hawapo kwa dalali. Wapo kwenye magrupu ya WhatsApp ya darasa lako, kwa waliokutangulia chuoni, kwenye jumuiya yako ya kanisani au msikitini. Ofisi itakayokupokea nayo usiiogope: mpigie aliyekupa barua ya kukubaliwa, muulize wanafunzi wa mwaka jana walikaa wapi.

Na hapa ndipo hicho chumba chako cha Isevya kinapokuwa mtaji. Kuna wanafunzi wa Dar wanaokuja Tabora kwa fildi kila mwaka, na wao wanahangaika vilevile kutafuta pa kulala. Tangaza kwenye magrupu kwamba una chumba chenye kitanda Tabora mjini, unataka mtu wa kubadilishana naye kwa wiki nane. Ukimpata msichana mwenzio mwenye chumba Ubungo au Magomeni, malazi yenu wote wawili yamekwisha bila kutoa kodi mpya. Mwambie tu mwenye nyumba wako mapema, na yeye amwambie wake. Mikataba mingi ya kupanga inakataza kumwingiza mtu mwingine bila ruhusa, na mgeni anayekutwa uani asubuhi na mswaki mdomoni bila taarifa anaweza kuwafukuzisha wote.

Kama kubadilishana kumeshindikana, nenda kwenye hosteli. Hosteli binafsi zinazozunguka vyuo hukosa watu wakati wa likizo, na wenye nazo hukubali malipo ya mwezi kwa mwezi, kitanda badala ya chumba. Kwa kuwa unafanyia Posta, mimi ningeanza Kigamboni, karibu na Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Unapanda pantoni, ukishuka upande wa pili Posta unaifikia kwa miguu. Ubaya wake ni msongamano wa asubuhi, na pantoni ikipata hitilafu utachelewa kazini bila kosa lako, kwa hiyo toka mapema. Chaguo la pili ni kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Magomeni, ambako mwendokasi inakushusha Kivukoni bila kubadilisha gari. Vyuo vyenyewe navyo uliza: piga ofisi ya mshauri wa wanafunzi, wakwambie kama wanapokea wa fildi kwenye mabweni wakati wa likizo na kwa masharti gani. Barua ya chuo chako itahitajika.

Usidanganywe na bei ya kitanda peke yake. Wiki nane ni siku 40 za kazi. Mahali pa kupanda magari mawili, tuseme 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, nauli ni 120,000. Ukitenga 200,000 ya malazi kwa muda wote, unabaki na 240,000, sawa na shilingi 4,000 na kidogo kwa siku, na hapo bado vocha, sabuni na mengine. Kwa hela hiyo huwezi kula mgahawani mara tatu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye hosteli liwe: kupika mnaruhusu? Hosteli ya bei ya chini isiyoruhusu jiko itakumaliza. Beba mchele wa huku kwenye basi, na uwe na akiba ya wiki mbili za mwanzo mfukoni, maana hela ya fildi haina ahadi ya kuingia siku unayofika.

Binamu yake mama usimfute, hata kama wamejaa. Huyo ndiye wa kwenda kukuangalia chumba kabla hujalipa, na ndiye utakayelala kwake siku mbili za mwanzo. Mabasi ya Tabora yanashusha stendi ya Magufuli, Mbezi, na kutoka hapo hadi Mbagala ni safari nyingine. Usipange kufika usiku. Fika Alhamisi au Ijumaa ili Jumatatu ikukute umeshajua njia. Mchukulie asali, usiende mikono mitupu.

Atakayekwenda kuangalia chumba aende jioni, watu wakiwa wamerudi. Asubuhi kila nyumba ina utulivu. Aangalie uani: ukikuta madumu yamepangwa foleni hadi mlangoni, ujue maji ya bomba ni ya kusubiri, uulize yanatoka siku gani na ndoo inanunuliwa shilingi ngapi. Aulize luku ni ya nyumba nzima au chumba kina submita yake. Kama ni ya pamoja, mnagawana kwa vichwa au kwa vyumba? Nyumba yenye mtu mwenye friji na mwingine wa kupiga pasi nguo za watu, wewe mwenye taa moja na chaji ya simu utalipia umeme usioutumia. Aangalie kitasa cha choo na bafu kama kinafunga kwa ndani. Kwa binti hilo si dogo.

Ukiridhika, andikeni, hata kama sheria inaruhusu mdomo. Karatasi moja inatosha: majina yenu na namba za NIDA, nyumba ilipo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, kiasi na namna ya kulipa, nani analipa luku na maji, na vitu ulivyovikuta chumbani. Tarehe ya kumaliza usiiache. Ukiwa unalipa kwa mwezi bila kuandika mwisho wala muda wa notisi, sheria inauhesabu upangaji huo kuwa wa mwezi hadi mwezi, na kuuvunja kunahitaji notisi isiyopungua mwezi. Mtu mjanja anaweza kukudai Oktoba wakati wewe uko darasani Tabora. Ongeza sentensi ya kwamba fildi ikikatishwa na ofisi, utarudishiwa kodi ya mwezi ambao hujauanza. Wasaini watatu: wewe, mwenye chumba, na mwenye nyumba. Nendeni nayo serikali ya mtaa mkajitambulishe, ukiwa na barua ya chuo. Na kama wewe ni Mnyamwezi na mwenye nyumba ni Mzaramo, mwambie mapema kwamba mtani wake amekuja. Nimeona kodi ikipungua kwa utani huo, ingawa sikuahidi.

Sasa hiyo 50,000. Usiitume. Dalali wa kweli anataka uje uone, kwa sababu ujira wake unatoka ukishalipia chumba. Anayekuharakisha kwa kukwambia wateja ni wengi, na wewe uko Tabora hujaona hata mlango, mara nyingi anauza picha. Mwambie ndugu yako wa Mbagala yuko tayari kwenda kuonyeshwa leo jioni, halafu sikiliza jibu. Akianza kutoa sababu, mfute. Hata chumba kikiwepo, kodi inakwenda kwa mwenye nyumba, kwa namba ambayo jina linalotokea kwenye simu linafanana na lililo kwenye mkataba, baada ya kukabidhiwa ufunguo. Na ukitumiwa ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", usiufute kwa hasira, upeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.