Usaili wa Waandishi wa Programu: Dakika 30 Ubaoni

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Kampuni moja ya mjini Unguja ilinisaili kwa kazi ya kuandika programu. Nilipewa dakika 30 kuandika ubaoni, mbele ya watu watatu, namna ya kutafuta namba iliyojirudia katika orodha ndefu. Nilikwama, ilhali usiku ule nyumbani niliimaliza bila ya taabu. Je, ni haki? — Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykumu salamu, ndugu yetu. Lalamiko lako lina msingi. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha North Carolina State, Marekani, pamoja na Microsoft, waliwapima wanafunzi 48 wa kompyuta, baadhi wakitatua suala ubaoni huku msaili akiwatazama, wengine wakiwa peke yao chumbani. Ufanisi wa waliotazamwa ulipungua kwa zaidi ya nusu, na miongoni mwao hakufaulu mwanamke hata mmoja, ilhali wanawake wote walioachwa peke yao walifaulu. (Sijui mwajiri gani hulipa mshahara kwa kutoogopa ubao.)

Hata hivyo, kuweka kikomo cha muda si dhulma, mradi kiwe sawa kwa wote na kitangazwe mapema. Safari nyingine andika kwanza njia nyepesi, ya kulinganisha kila namba na nyenzake, useme wazi kuwa ni ya polepole, kisha uiboreshe kwa kuhifadhi namba zilizokwishapita. Msaili makini huzipa alama hatua hizo hata muda ukikatika. Tena omba, kwa adabu, uachwe peke yako dakika chache kabla ya kueleza.